Unene wa Mlango

Karakanani, 4 Februari

Mpwa wangu Binti Pazia,

Barua yako imefika. Ilikaa posta kwanza, kwa sababu karani wa pale ananikwepa. Anasema akinipa barua nasimama dirishani kumsimulia mambo hadi foleni inatoka nje ya mlango. Uongo mtupu. Namsimulia kidogo tu.

Nashukuru wewe na mwanao Kidoti mmefika salama. Umesema chumba ni kidogo, juu ya duka la rangi, jengo la kijani, ngazi za nyuma, na harufu inaumiza kichwa. Mtazoea. Mimi ujanani niliwahi kufungiwa ndani ya sefu ya benki kwa makosa ya meneja, nikalala humo, na asubuhi walipoleta mtaalamu kutoka ng'ambo wakanikuta nje nakunywa chai kwenye kiti cha meneja. Nilikifungua kile chuma kwa kijiko na subira. Mkaza mjomba wako anasoma begani kwangu, anasema safari iliyopita kilikuwa kijiko na kibanio cha nywele. Vilikuwepo vyote viwili.

Kitasa nilichokitia ndani ya furushi la vitambaa ukifunge mwenyewe kama nilivyokuelekeza, usiite fundi wa huko. Nimekitengeneza kwa mkono wangu. Huyo baba yake Kidoti, pamoja na mabega yake yale, asukume mpaka bega lihamie upande wa pili. Kitasa hakitamjibu.

Ufunguo wa tatu nimebaki nao kwa dharura. Uko kwenye msumari wa mwisho ukutani, una kipande cha bati chenye namba tu. Sheria ya karakana yangu unaijua tangu ukiwa mdogo unachezea tupa zangu: ufunguo na anwani haviwekwi pamoja. Mwizi akiingia leo ataondoka na mfuko wa chuma tu, hajui pa kukipeleka.

Umeniomba namba yako ya simu niishike kichwani, nisiiandike mahali popote, na nikupigie likiwa jambo la kufa na kupona tu. Sawa. Kichwa hiki kilimshangaza hata mwalimu wangu wa darasa la sita, ndiyo maana alishauri nisiendelee la saba.

Mjomba wako,
Bingwa wa Makufuli


19 Februari

Shikamoo Mjomba,

Kitasa nimekifunga. Mama mwenye nyumba alisimama kunitazama, akasema hajaona mwanamke anayeshika patasi hivyo. Nikamwambia nimelelewa na fundi. Ni mtu mzima, mpole, ndiye mwenye hilo duka la rangi. Amenikopesha cherehani yake na amenitafutia kazi ya mapazia ya hoteli moja hapa karibu. Nashona bitana siku nzima, na Kidoti anakaa chini ya meza anaokota vipande.

Hajauliza kuhusu baba yake. Anauliza kuhusu shule. Anataka kujua kama kiti chake kimepewa mtu mwingine. Najuta kwamba sikumwacha amuage hata rafiki yake mmoja. Tuliondoka kama watu wanaokwenda dukani.

Kila nikigeuza ule ufunguo mara mbili, anainua kichwa, halafu anaendelea na mchezo wake. Mlio huo ameuzoea kuliko sauti yangu. Asante, Mjomba.

Tafadhali, usimwambie mtu tulipo. Hata kwa sifa. Nakujua.

Mpwa wako


Karakanani, 11 Machi

Mpwa wangu,

Mimi na sifa wapi na wapi. Nakuandikia nikiwa na habari moja kubwa, nyingine ni ndogo ndogo.

Nimenunua simu ya kisasa. Kioo chake ni kama dirisha la basi. Nimeweka na programu moja, ya bure kabisa, niliyoonyeshwa na fundi saa hapa jirani. Mtu usiyemjua akikupigia, inakutajia jina lake kabla hujapokea. Jumatatu simu ikalia, nikaitazama, nikapokea kwa sauti nzito: "Karibu Mwalimu Mnoko, kitasa gani kimekukasirisha leo?" Mtu akauliza taratibu, "Nani kakwambia naitwa hivyo?" Nikamwambia mjomba huyu akishika kufuli anamsikia mwenye nalo anavyopumua. Alikuja na kitasa chake mkononi, ananitazama kwa pembe ya jicho kama anayemtazama mganga.

Sasa mtaa mzima unasema nina kipaji. Mimi sikanushi wala sikubali. Nainama kwenye jiliwa langu la kubania chuma naendelea kupiga tupa. Wateja wameongezeka, na wengine hawana hata kitasa kibovu.

Simu yenyewe nimeipanga kifundi. Kila mteja namwandika jina, kazi yake na mlango wake: Muuza Vioo Geti Jekundu, Mjane wa Kona Mlango wa Nyuma Mbovu. Wakipiga tu najua nibebe vifaa gani. Mkaza mjomba wako ananicheka, anasema simu yangu imekuwa na umbeya kuliko saluni. Namwambia simu iko mfukoni, mfuko uko kwenye suruali, na suruali naivaa mwenyewe.

Mwambie Kidoti namtengenezea kikufuli kidogo cha sanduku la vitambaa vyake.

Bingwa,
sasa pia Mwenye Kipaji


24 Machi

Shikamoo Mjomba,

Nimeicheka ile ya Mwalimu Mnoko, halafu nikaacha kucheka.

Hilo jina amepewa na nani? Si yeye mwenyewe aliyejiita hivyo. Ni mtu fulani kamwandika hivyo kwenye simu yake, mzazi labda, akijua ni siri yake. Sasa limefikaje kwako? Na kama la kwake limefika kwako, ya kwako yanakwenda kwa nani?

Mimi umeniandikaje, Mjomba?

Nauliza kwa sababu jana nimefanya jambo. Shule ya hapa haimpokei Kidoti bila barua ya uhamisho. Nimempigia karani wa shule ya zamani. Akasema barua itatoka, lakini lazima awe na njia ya kunijulisha. Nikamwachia namba. Nimefikiri sana kabla ya kuitaja. Nikajiambia, namba ni tarakimu tu, haina mtaa wala ngazi. Hata baba yake Kidoti akiipata, atanipigia, nami sitapokea.

Niambie kwamba nimefikiri vizuri.

Mpwa wako


Karakanani, 2 Aprili

Mpwa wangu mwenye wasiwasi,

Umefikiri vizuri kabisa, umenirithi mimi. Namba yako iko pale pale uliponiambia niiweke, kichwani, chini ya ufunguo mara mbili. Hata mimi mwenyewe kuitoa nabisha hodi.

Kuhusu majina, usijichoshe. Hiyo programu imetengenezwa na watu waliosoma mpaka wakachoka. Ina akili zake. Itamtaka nini fundi makufuli? Kuna matajiri wangapi wa kutafutwa kabla yangu mimi?

Kikufuli cha Kidoti kimekamilika. Ufunguo wake ni mdogo kama punje ya mchele. Fundi saa alikuja kukitazama kwa kile kioo chake cha jichoni, akakigeuza mara tatu. Machozi yalimlengalenga.

Mjomba wako,
Bingwa


16 Aprili

Mjomba,

Barua hii ikifika, usijibu kwa anwani ya zamani. Mwandikie mama mwenye nyumba, dukani kwake, ndani utie bahasha yangu. Atajua namna ya kunifikishia.

Alikuja. Jumanne, saa za mchana. Mimi nilikuwa hotelini natundika mapazia ya ukumbi, Kidoti nilimwacha dukani, nyuma ya kaunta. Aliingia na simu mkononi, akamsalimia mama mwenye nyumba kwa adabu zile zake. Mama akamwambia hapa hakai mtu wa namna hiyo. Akatabasamu, akazunguka nyuma, akapanda ngazi kama mtu aliyezoea kufika siku zote.

Kitasa chako kilishika, Mjomba. Nataka ujue hilo. Ubao ndio uliopasuka. Mlango umekatika ukaacha kitasa kimesimama peke yake kwenye fremu, kimefungwa mara mbili, hakina mlango.

Mama mwenye nyumba aliita wapakiaji wa madebe ya rangi, wakapanda watatu. Walimkuta ameketi kitandani kwetu, ananisubiri. Aliondoka bila kelele. Hakujua kwamba binti yake yuko chini ya miguu yake, chini ya sakafu ile ile, amejikunja kati ya makopo, anahesabu nyayo zake.

Kidoti sasa haongei. Anaitikia kwa kichwa tu. Chumba tumekihama siku ile ile na kazi ya hoteli nimeiacha pazia moja halijapigwa pindo.

Hakukosea ngazi, Mjomba. Hakumuuliza mtu mtaani. Kuna jambo unataka kuniambia?

Mpwa wako


Karakanani, 22 Aprili

Mpwa wangu,

Nimesoma barua yako nimesimama. Sijakaa mpaka sasa.

Huyo karani wa shule nitamfuata. Watu wa maofisini midomo yao haina komeo, nimesema siku zote. Pengine pia mtu wa posta alipekua bahasha, namshuku tangu zamani, ananitazama vibaya. Au mmoja wa wapakiaji hao hao, huwezi kujua. Na huyo bwana mwenyewe nikimpata nitamtia kwenye jiliwa na kukaza mpaka aimbe. Mwaka ule niliwahi kumkamata mwizi wa baiskeli kwa mkono mmoja, wa pili nimeshika chai, na haikumwagika.

Nilikuambia kitasa hakitamjibu. Hakikumjibu. Si ndiyo?

Mwambie Kidoti kikufuli chake kipo.

Mjomba wako


3 Mei

Shikamoo Mjomba,

Sikutaka kuyaandika haya. Nilikuachia nafasi uyaandike wewe.

Alipoingia dukani hakumuuliza mama mwenye nyumba kwa jina langu. Alisoma kwenye simu. Mama ameyakumbuka maneno yake moja moja, kwa sababu yalimshangaza: "Namtafuta Binti Pazia Jengo la Kijani Ngazi za Nyuma Juu ya Duka la Rangi."

Mjomba, duniani hakuna anayeniita Binti Pazia ila wewe. Uliniita hivyo nilipokuwa na miaka saba nikajifunga pazia la sebule la mama nikasema ni gauni la harusi. Hata yeye, miaka yote tuliyoishi naye, jina hilo hakuwahi kulisikia. Amelisikia sasa, kwenye simu yake, kama vile wewe umesimama kando yake unamnong'oneza.

Karani alimpa namba, na mji alioujua kwa ile barua ya uhamisho. Ni baba wa mtoto, karani hakuona ubaya. Namba akaiingiza kwenye programu kama hiyo yako, ikamsomea ulivyoniandika. Hapo na mimi nina langu. Mimi nilitoa ufunguo. Wewe ulikuwa umeutundikia anwani.

Sina hasira kama unavyodhani. Ningekuwa nayo ingenisaidia. Nina usingizi tu ambao hauji. Nawaza: ule mtaa wa zamani tuliukimbia kwa ajili yake, huu tumeukimbia kwa ajili ya neno ulilolitunga kwa mapenzi.

Laini ya simu nimeitupa. Usinitafute kwa sasa.

Mpwa wako


Karakanani, 8 Mei

Kwa Wakubwa wa Programu ya Kutaja Majina,

Mimi ni fundi makufuli, nimefanya kazi hii tangu nyinyi hamjazaliwa. Mlichukua maneno kutoka kwenye simu yangu, mkampa mtu ambaye sikumpa mimi. Maneno hayo ni haya: Binti Pazia Jengo la Kijani Ngazi za Nyuma Juu ya Duka la Rangi. Ni yangu. Niliyaandika mwenyewe kwa kidole changu. Nayataka yarudi, na huko yalikokaa kufutwe.

Nimeitoa programu yenu kwenye simu. Mama anayetengeneza simu hapa mtaani ameniambia haitoshi, kwamba nilipobonyeza Nakubali ilibeba majina yote ya simu yangu kama nilivyoyaandika, ikaenda nayo. Sasa nauliza, mtu akiniletea kitasa nikichongee ufunguo, nikachonga wa pili wa kwangu, nikaugawa kwa kila anayepita, mtaniita nani?

Nangoja majibu ya mtu.

Fundi


8 Mei

Mtumiaji Mpendwa,

Asante kwa kuwasiliana nasi. Maoni yako ni muhimu sana kwetu.

Kumbukumbu zetu zinaonyesha kwamba tarehe 7 Machi ulisoma na kukubali masharti ya huduma, pamoja na ruhusa ya kushiriki majina yaliyo kwenye simu yako ili kuboresha huduma kwa jamii ya watumiaji wetu.

Ombi la kuondoa taarifa za namba fulani linaweza kutumwa na mmiliki wa namba hiyo pekee, akitumia namba hiyo hiyo.

Tungependa kujua: umeridhika kwa kiasi gani na jibu hili? Bonyeza nyota.

Timu ya Huduma


Karakanani, 20 Mei

Mpwa wangu,

Naandika, sijui kama utasoma. Mama mwenye nyumba amekubali kuishika barua mpaka utakapotaka.

Sikuishika namba yako kichwani. Niliishika kwa siku mbili, ya tatu tarakimu za mwisho zikaruka. Nikaogopa: siku ya kufa na kupona ikija nitakupataje? Nikaisoma tena kwenye barua yako, na nilipopata simu hii nikaiandika humo. Na nilipoiandika nikaona jina peke yake ni dogo, nikaongeza mlango, kama ninavyowafanyia wateja. Nilifurahi kuliona. Nikiwa peke yangu karakanani nilikuwa nafungua simu natazama tu pale ulipo, jengo la kijani, ngazi za nyuma, ninajiona kama nimekuja kuwatembelea. Ulipouliza, nilikudanganya. Nilifikiri nikikubali utaniona mzee mjinga, na mimi mbele yako sijawahi kuwa mjinga hata siku moja. Najua hilo nalo ni uongo.

Nimewaandikia wenye programu. Wamejibu haraka kuliko mtu anavyoweza kusoma. Wanasema wewe ndiye uombe, kwa ile ile laini uliyoitupa. Kwa hiyo maneno yangu yako huko bado. Mtu akiingiza ile namba leo, hata mwakani, atasomewa kwamba unaishi juu ya duka la rangi. Nimefungua makufuli maisha yangu yote, hili halina tundu la ufunguo. Nimelizunguka pande zote. Sioni pa kuingiza hata kijiko.

Mwalimu Mnoko alipita wiki iliyopita. Nilimwomba radhi. Akauliza radhi ya nini, nikamweleza. Akakaa kwenye benchi, akasema, "Miaka ishirini na sita nafundisha. Nilidhani wananipenda." Nilimtengenezea kitasa chake bure.

Nataka kukutengenezea kitasa kingine. Sitaki kujua uko wapi. Usiniambie mji, usiniambie rangi ya jengo, usiniambie hata kama kuna ngazi. Ila fundi hawezi kutengeneza kitasa bila kipimo. Nitajie unene wa ubao wa mlango, na unafunguka upande gani. Safari hii nitaweka na bamba la chuma kwa nyuma, kutoka juu mpaka chini, kwa sababu mara ya kwanza nilikisifu kitasa nikasahau kuuliza mlango umetengenezwa kwa mbao gani. Hilo pia najuta.

Mjomba wako


14 Juni

Shikamoo Mjomba,

Inchi moja na robo tatu. Unafunguka kwa ndani, bawaba ziko kushoto ukiwa nje. Ni mbao ngumu, nimeigonga kama ulivyonifundisha.

Kidoti ameanza kuongea, kidogo. Neno lake la kwanza lilikuwa la kuulizia kikufuli.

Mpwa wako


Karakanani, 29 Juni

Mpwa wangu,

Kitasa hiki hapa, na bamba lake, na misumari ya kutosha. Funguo zote tatu zimo. Sikubaki na hata mmoja. Msumari wa mwisho ukutani uko mtupu, na nimeuacha hivyo hivyo, sitautundikia kitu kingine. Kikufuli cha Kidoti kimefungwa kwenye kitambaa chekundu, ufunguo wake umo ndani ya mkunjo, muwe waangalifu usidondoke.

Watu wanakuja karakanani kama kawaida. Juzi fundi saa aliniuliza mbele ya wateja, "Na yule mpwa wako mshonaji siku hizi yuko wapi?" Zamani ningemjengea nyumba yako pale pale, na bustani, na meli mbili. Nikanyamaza. Nikaendelea kupiga tupa. Mkaza mjomba wako alikuwa mlangoni na chai, akaja akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Najua unene wa mlango wako, na kwamba mbao ni ngumu. Nikiwa peke yangu hushika kipande cha ubao cha inchi moja na robo tatu nilichokikatia kipimo, nakigonga kidogo kwa kidole, nasikiliza.

Kikichakaa kitasa, niandikie kipimo tu.

Mjomba